Mkamateni Myao Huyo

Aliyepiga kelele ile ni Fulgence Komba, seremala, na mtaa mzima wa Kinuni ulijua hivyo. Lakini wiki nzima ilipita bila mtu kulitaja jina lake mbele ya waliokuja kuuliza. Polisi waliambiwa ni wapita njia. Mtangazaji wa redio aliyepiga simu akaambiwa Kinuni ni mtaa wa amani. Hata watoto, ambao hawajawahi kutunza siri ya sukari iliyofichwa kabatini, walijifunza kusema hawakuwepo.

Jambo lenyewe lilitokea Jumamosi saa tisa mchana, jua linawaka, hapo hapo mtaani, kata ya Bombambili. Twaha, fundi pikipiki, mtoto wa Bashiru muuza korosho, alikuwa anakokota pikipiki ya mteja iliyozimika njiani. Nyaya za swichi zilikuwa zinaning'inia. Kibao cha namba kilikuwa kimelegea, akakitoa na kukitia kwenye begi kisije kikaanguka. Fulgence alikuwa mbele ya karakana yake anapiga randa ubao wa kitanda. Akamwona, akafanya lile alilokuwa akilifanya kwa Twaha na kwa baba yake kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na saba.

"Mkamateni Myao huyo," akapaza sauti. "Pikipiki ya wizi hiyo."

Mngoni na Myao ni watani. Mtani anaweza kukuita mchawi kwenye msiba wa mama yako, akajilaza kaburini kabla ya jeneza, akadai alipwe ndipo atoke, nawe ukacheka huku machozi yanakutoka. Siku nyingine Twaha angejibu kwamba kaiba kwa babu yake Fulgence, siku babu huyo alipotoka kwa Wazulu bila suruali. Siku hiyo pia alishafungua mdomo kujibu, na meno yalikuwa yanaonekana kwa kicheko. Ila wiki ile pikipiki mbili zilikuwa zimeibwa, na vijana wa ulinzi shirikishi walikuwa wamekaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara na kamanda wao Thadei, shemeji yake Fulgence. Waliinuka wote pamoja.

Jumatatu mwenye pikipiki, mwalimu Saimon wa Matogoro, alikwenda kituoni na kadi ya pikipiki mkononi. Akasema ni yake na alimkabidhi Twaha mwenyewe aitengeneze. Basi wizi haukuwepo. Vilivyobaki ni vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivyosagwa, jicho la kushoto ambalo daktari hakutaka kuliahidi, na swali la nani alimpiga. Kwa swali hilo Kinuni ilikuwa na majibu mengi, na kila jibu lilikuwa la swali lingine.

Polisi walimwambia Bashiru kwamba aliyepigwa midomo imeshonwa na hawezi kutoa maelezo, na bila shahidi mwingine hawana pa kuanzia. Wakasema watasubiri mkutano wa hadhara wa mtaa, Jumamosi. Asipopatikana mtu wa kusema alichokiona, jalada litafungwa.

&nbsp;

Alhamisi asubuhi Thadei alikuja kwa dada yake, mke wa Fulgence, akiwa na koti la ulinzi lenye mistari inayong'aa. Kunegunda alimwekea viazi vya kuchemsha na chai. Alikuwa amembeba mgongoni mdogo wake huyu kule kijijini kwao Maposeni wakati mama yao yuko shambani, na mpaka leo alikuwa akimmenyea viazi bila kujua kama anammenyea.

"Shikamoo shemeji," Thadei akamwambia Fulgence.

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala kidogo. Mwenyekiti kaniita jana kuhusu huo mkutano. Anasema tuwe na kauli moja."

"Kauli ipi?"

"Kwamba ni wapita njia. Watu wa stendi huko, hatuwajui. Halafu wananchi wana hasira, pikipiki zinaibwa kila siku. Na mtu akianza habari za Uyao na Ungoni, tunamwambia analeta ukabila. Akishaambiwa hivyo atakaa mwenyewe."

Fulgence alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. "Na sisi tuliokuwepo?"

"Shemeji, wewe ulikuwa unapiga randa. Anayepiga randa anatazama ubao."

"Na ile kelele?" Kunegunda akauliza.

"Ile ni utani, dada. Utani haushtakiwi. Hata hakimu ana watani wake."

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu aliyeshayarudia maneno hayo mara nyingi kitandani. Fulgence akamtazama mikono. Ilikuwa mikono ya kawaida, yenye kucha safi, inakoleza chumvi kwenye kiazi.

"Thadei, zile spana za Twaha zilikuwa ndani ya begi. Nani alifungua begi?"

Kijana akaacha kutafuna. "Shemeji, hilo unauliza wakati unalijua. Lakini fikiria na upande wako. Wakinikamata mimi, wataniuliza nani alisema tumkamate. Nitawajibu nini? Mimi sipendi kumtaja mume wa dada yangu."

Akamaliza chai, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Kunegunda akaanza kukusanya maganda mezani. Aliyakusanya taratibu mno, mpaka mumewe akajua kuna maneno yanakuja.

"Usimtaje mdogo wangu, baba Hilda. Nakuomba."

"Sijasema nitafanya chochote."

"Ndiyo maana nakuomba kabla hujasema." Akakaa. "Lakini nami nilikuwa dirishani. Yule mtoto wa Bashiru alikuita."

"Najua."

"Alikuita mara mbili. Alisema, mtani, waambie."

"Najua, Kunegunda."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ilikuwa ghafla."

Kunegunda hakubisha. Alikuwa mke wa mtu kwa miaka ishirini na sita, na alijua kwamba ghafla haichukui muda wa kutosha mtu kuweka randa chini, kujifuta vumbi la mbao mikononi na kusimama akitazama. Lakini alimwogopea mdogo wake kuliko alivyotaka ukweli, basi akachukua maganda akaenda kuyatupa.

&nbsp;

Ijumaa jioni walikwenda hospitali. Fulgence alikuwa akiahirisha kwa siku sita, na kila siku alikuwa na sababu nzuri: kitanda cha mteja, kifua, mvua ambayo mwezi wa saba haipo. Kunegunda alibeba chupa ya uji wa ulezi. Wazo la kwenda lilikuwa lake. Alisema majirani wataanza kuhesabu nani amekwenda na nani hajaenda.

Bashiru alikuwa barazani nje ya wodi, amejifunika koti zito kwa baridi ile ya upepo unaoshuka kutoka milimani. Kwa miaka yote hiyo wanaume hawa wawili hawakuwahi kusalimiana kama watu wa kawaida. Fulgence alipofiwa na baba yake, Bashiru alikalia jeneza karakanani akakataa kushuka mpaka akapewa jogoo. Bashiru alipomwoza binti yake Shamimu, Fulgence alikwenda na gunia tupu, akasema amekuja kudai mahari ya babu zake waliomkamata bibi wa Bashiru vitani.

Sasa Fulgence hakujua aanzie wapi, basi akaanzia alikozoea.

"Mtani," akasema, "nimesikia Wayao mmehamia hospitali kwa sababu ya chakula cha bure."

Mgonjwa mmoja aliyekuwa karibu alicheka kidogo, akaacha. Bashiru alimtazama Fulgence kwa muda mrefu bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililouma.

"Karibu, Bwana Komba," akasema. "Mama Hilda, karibuni. Asanteni kwa kuja."

Fulgence alihisi uso unamwaka. Alikuwa ametukanwa na mtu huyu mara elfu, akaitwa mla nyama mbichi na mjukuu wa mpora ng'ombe, na hakuna tusi lililowahi kumpata kama ule ukaribisho wa heshima.

Ndani, Zabibu, mama yake Twaha, alipokea chupa kwa mikono miwili. "Mungu awabariki," akasema, kisha akaiweka kwenye kabati la kitanda cha pili, kwa bibi mmoja aliyekuwa akimwuguza mjukuu wake. "Mnywesheni huyu. Wangu amekwisha kula." Wangu alikuwa amelala pale pale, midomo imeshonwa, na kila mtu aliona kwamba hajala. Kunegunda akainamisha macho, akajishughulisha na pindo la kitenge chake.

Twaha aligeuza kichwa. Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji, la pili likamtafuta Fulgence likampata.

"Shikamoo," akasema kwa shida.

"Marahaba mwanangu," Fulgence akajibu.

Walipotoka Bashiru aliwasindikiza mpaka kwenye ngazi. "Kesho ni mkutano," akasema. "Mimi siku ile nilikuwa sokoni, sikuona kitu. Nimewauliza watu ishirini na wawili. Mmoja alikuwa chooni, mwingine alikuwa amelala, mwingine anaumwa macho. Wewe ulikuwepo, Bwana Komba."

"Nilikuwepo. Ila watu walikuwa wengi."

"Walikuwa wengi," Bashiru akakubali. "Zabibu anataka turudi kwetu Tunduru. Anasema hawezi kununua chumvi kwa watu wasiojulikana. Mimi nimemwambia tusubiri mpaka kesho."

&nbsp;

Mwenyekiti wa mtaa, Hironimus, hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe. Alikuwa mtu aliyependa mambo yaishe. Aliupanga mkutano vizuri: kwanza bomba la maji, pili taka, tatu "tukio la tarehe kumi na mbili", na mwisho mengineyo. Kufika ajenda ya tatu watu walikuwa wameshagombana vya kutosha juu ya maji, wamechoka, na jua limeanza kuwachoma waliokaa chini mbele ya ofisi ya mtaa. Wanawake walikuwa kwenye mikeka upande wa kushoto. Thadei na vijana wake walisimama nyuma na makoti yao, kuhakikisha usalama.

Bashiru alisimama. Alikuwa amevaa kanzu na koti la suti. "Mwanangu Twaha amepigwa hapa mtaani," akasema. "Naomba anayewajua waliompiga aseme mbele ya watu, ili mtendaji aandike."

"Mzee Bashiru, pole sana," mwenyekiti akasema. "Ila tutumie lugha ya kujenga. Tuseme tukio lililompata kijana."

"Tukio halina mikono, mwenyekiti."

Mtendaji wa mtaa, Bi Getruda, alikuwa anaandika muhtasari kwenye daftari kubwa. Akainua macho mara moja, akaendelea.

Mama mmoja muuza nyanya akanyoosha mkono. "Mimi naumia kwa huyo kijana, naumia kabisa. Lakini mwezi wa nne niliibiwa kuku sita. Nani aliniitishia mkutano?" Watu wakapiga makofi, na kuku wale sita wakajadiliwa kwa dakika kumi.

Mzee mmoja karani mstaafu akasema ni jambo la kusikitisha, ila tujiulize, kwa nini kijana alitoa namba ya pikipiki? Mtu mwenye nia njema hafichi namba.

"Kibao kilikuwa kimelegea," Zabibu akasema kutoka kwenye mkeka.

"Mama, subiri zamu yako," mwenyekiti akamwambia kwa upole.

Bashiru hakukaa. "Nitasema jambo ambalo hamlipendi. Siku ile watu walikuwa wanasema Myao, Myao. Mpige Myao. Mwanangu alisikia. Wenye pikipiki mbovu wanapita barabara hii kila siku, hawapigwi."

Hapo ndipo mkutano ulipochangamka. Mwanaume mwenye jaketi la buluu alisimama akajipiga kifuani. "Mimi mke wangu Mmatengo, mkwe wangu Mnyasa. Ukabila utokee wapi kwangu?"

"Sijasema wewe, ndugu yangu."

"Umesema sisi. Mimi nimo kwenye sisi."

"Na huko Tunduru je?" mwingine akadakia. "Watu wetu wakienda kununua korosho wanafanyiwa nini? Mbona hilo halisemwi?"

"Nchi hii tulishauzika ukabila siku nyingi," karani mstaafu akasema kwa uchungu wa kweli. "Anayeufukua leo ana ajenda yake. Tuwe macho, na uchaguzi wa mitaa hauko mbali."

Mambo yakaenda hivyo. Kila aliyesimama alianza kwa pole na kumaliza kwa kujitetea, na ungefika pale bila kujua habari, ungeamini kwamba aliyepigwa ni mtaa wa Kinuni na aliyepiga ni mzee yule mwenye kanzu. Mwenyekiti akapendekeza kamati ya maridhiano ya watu saba. Mtu akapendekeza wachange chochote, wampelekee kijana sabuni na mchele. Pendekezo likaungwa mkono, na nyuso zikaanza kupoa. Bashiru alikuwa bado amesimama, lakini mikono yake sasa ilikuwa inatafuta kiti.

Fulgence alikuwa kwenye benchi la tatu. Alikuwa amekuja na nia ya kukaa kimya, na aliikaza nia hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyojidhania. Alipoona mikono ile inapapasa kiti akasimama.

"Aliyepiga kelele ni mimi," akasema.

Kunegunda aliyekuwa kwenye mkeka alifumba macho.

"Nilisema, mkamateni Myao huyo, pikipiki ya wizi hiyo. Nilikuwa namtania kama siku zote. Vijana wakasikia, wakainuka. Kwa hiyo chanzo ni mimi. Ulikuwa utani."

Alidhani watamzomea. Badala yake mkutano ulishusha pumzi. Mtu akacheka, mwingine akacheka, kisha makofi. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mmesikia wananchi? Utani. Mila yetu ya miaka yote. Bi Getruda, andika, chanzo cha tukio ni utani wa jadi uliotafsiriwa vibaya. Mzee Bashiru, wewe ni mtani, unajua mtani hakasiriki. Mzee Komba, tunakushukuru kwa ujasiri."

Thadei nyuma alikuwa anapiga makofi pia. Fulgence akaona. Alisimama kubeba mzigo wake, akajikuta amewashonea wenzake shuka la kujifunika wote, wakubwa kwa wadogo, na yeye mwenyewe yumo humo ndani na joto lake. Angeweza kukaa wakati ule. Watu wangempa mkono njiani. Mkewe angempikia.

"Nina swali," Zabibu akasema.

"Mama, suala limeshapata ufumbuzi."

"Zamu yangu imefika, mwenyekiti. Nimeisubiri." Alikuwa amesimama kwenye mkeka, mwembamba, ushungi umemkaa upande. "Mzee Komba, mwanangu midomo imeshonwa, lakini maneno mawili matatu anaweza. Ameniambia alikuita. Alisema, mtani, waambie. Alikuita au hakukuita?"

"Aliniita."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ulimjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Basi habari za utani mimi nimewaachia," Zabibu akasema. "Utani ulikwisha alipokuita. Kuanzia hapo wewe ulikuwa mtu mzima, na yule alikuwa mtoto wa jirani yako anavunjwa vidole. Nataka kujua kwa nini ulinyamaza."

"Hilo si swali la mkutano," mwenyekiti akaingilia. "Hatuwezi kuingia ndani ya moyo wa mtu."

Fulgence alikuwa na majibu ya kutosha. Niliogopa. Walikuwa wengi. Ilikuwa ghafla. Yote aliyapanga usiku wa kuamkia siku hiyo, ambao hakulala, na kila moja lilikuwa linafaa. Akamtazama Zabibu, akaona mama huyu anayajua yote, na ameyasikia kutoka kwa watu ishirini na wawili.

"Nilidhani labda kweli kaiba," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Niliona nyaya zinaning'inia. Namba sikuiona. Nikajiambia, huyu huenda kaiba kweli. Angekuwa mtoto wa Mngoni mwenzangu, ningejua pikipiki imeharibika. Nisingewaza mara mbili. Lakini ni Myao, nikasimama kutazama kwanza. Walipoanza kumpiga vidole nikajua sivyo, na bado nilikuwa nimesimama. Mzee Bashiru, miaka kumi na saba nawaita wezi nikicheka. Mimi nilidhani nacheka tu. Siku ile nimejua kwamba nilikuwa naamini."

Upepo ulipeperusha karatasi za mwenyekiti, akazishika. "Bi Getruda, hayo usiandike. Ni mawazo yake binafsi."

"Nimeshaandika, mwenyekiti."

"Basi futa."

"Ni kalamu ya wino."

"Na uandike majina," Fulgence akasema. "Aliyefungua begi akatoa spana ni Thadei, shemeji yangu. Ndiye aliyempiga vidole. Aliyempiga jichoni kwa rungu ni yule anayeuza laini za simu pale kona, amesimama naye hapo nyuma. Wengine walikuwa wanapiga mateke, nitawataja polisi mmoja mmoja. Wapita njia hawakuwepo."

Thadei alimtazama dada yake, kama alivyomtazama utotoni alipovunja chungu. Kunegunda alisimama, akakunja mkeka wake wakati watu wengine wawili bado wameukalia, akawasubiri wasogee, akaondoka nao kwapani. Alipita mbele ya mumewe bila kugeuza shingo.

Mwenyekiti alitangaza kwamba mkutano umeahirishwa kwa sababu za kiusalama. Watu walitawanyika haraka, wakizungumza juu ya maji. Zabibu alikaa chini, akajifunika uso na ushungi, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Bashiru alikwenda mezani kwa Bi Getruda, akaomba asomewe kilichoandikwa. Akasomewa neno kwa neno, akiwa ameshika ukingo wa meza. Fulgence alingoja pembeni, asijue kama aende au abaki, na hakuna aliyemwambia.

&nbsp;

Jumatatu asubuhi alikwenda kituoni peke yake. Kunegunda alikuwa amekwenda Maposeni tangu Jumapili, kumwambia mama yake kabla hajaambiwa na watu. Hakusema atarudi lini. Aliacha dagaa wameoshwa kwenye bakuli, na Fulgence hakuweza kujua kama ule ulikuwa msamaha au mazoea. Mteja wa kitanda alikuwa amepiga simu kwamba amepata kingine mjini.

Askari aliyemwandika maelezo alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri. Aliandika taratibu, akimrudishia kila sentensi kwa sauti. Fulgence alisema yote, pamoja na lile la kudhani.

"Mzee, hili la mwisho si lazima," askari akasema. "Linaweza kukugeukia. Wakili wao atasema wewe ndiye mchochezi."

"Liandike."

Likaandikwa. Askari akageuza ukurasa, akaanza kujaza sehemu za mwisho.

"Uhusiano wako na mtuhumiwa wa kwanza, Thadei?"

"Shemeji yangu. Ndugu wa mke wangu, tumbo moja."

"Na uhusiano wako na aliyejeruhiwa?"

Fulgence alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilikuwa pale kwenye ulimi tangu kijana yule akiwa mtoto wa miaka saba anayemrushia maganda ya korosho karakanani. Akalishikilia hapo. Akajaribu jirani, nalo likakataa kutoka. Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki, inakataa, anawasha tena.

"Mzee?" askari akasema. "Ni nani yako?"

Fulgence alitazama mikono yake juu ya meza. Askari akasubiri kidogo, kisha akaruka mstari ule, akamgeuzia karatasi ili asaini.